Ng'ombe Waliokwenda kwa Posta

Veneranda alirudi kwao Kwihara siku ya Jumapili, saa ileile watu wanapotoka misa, kwa hiyo hakuna aliyekosa kumwona. Lori la asali kutoka Ipole lilimshusha kwenye njia ya zamani ya misafara, akaifuata kwa miguu, sanduku la bati kichwani na kanga ameizungusha mpaka shingoni ingawa jua la Agosti lilikuwa kali. Watu wa Kwihara wana adabu zao. Walimsalimu vizuri, wakamuuliza habari za Ipole, wakasubiri apite ndipo wageuke kumtazama.

Mama yake, Apolinaria, alikuwa uani akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayo, mwanangu. Umekuja kututembelea?"

"Nimekuja."

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Nguvu zake anazo zote."

Apolinaria aliweka ungo chini. Alimshika binti yake mkono, akamwingiza ndani, akaifungua ile kanga mwenyewe. Alama za fimbo zilianzia shingoni zikashuka mgongoni. Alikwenda kupasha maji.

Baba, Dionis, alirudi kanisani wa mwisho, kama kawaida yake. Siku hizo alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake wakienda kukomunika yeye alibaki ameinamia kofia yake. Padri alikuwa amemwekea adhabu hiyo tangu alipomwoza Veneranda kwa Ngollo, mrina asali wa Ipole asiyebatizwa, kwa mila tu, bila kanisa. Kila mtu alijua kwa nini alifanya hivyo. Ngollo alitoa ng'ombe wanane. Vijana wote wa Kikristo wa Kwihara wakijumlishwa pamoja wasingefikisha wanane.

Na ng'ombe wale hawakukaa hata msimu mmoja. Waliuzwa ili Tobias, kaka yake Veneranda, asomee utunzaji wa vitabu vya hesabu. Masomo yalitoka Uingereza kwa posta: ada, vitabu, kalamu, ada ya mtihani, kisha ada ya kusahihisha huo mtihani. Majirani hawakuacha kutania. "Ng'ombe wa Dionis," walisema, "wamepanda meli, wamekwenda Uingereza kwa posta." Dionis alikuwa akicheka nao. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu za watu mabegani kwa njia hiihii inayopita mbele ya nyumba mpaka Bagamoyo, na bega lake moja halikunyooka tena. Dionis alitaka mtoto mmoja tu wa ukoo huo abebe kalamu.

Sasa cheti kilikuwa kimefika. Kilining'inia ukutani chini ya msalaba, ndani ya fremu yenye kioo, na Veneranda alikaa chini yake akaeleza yaliyompata.

Kule Ipole mume akiwa porini kurina asali, mke ana miiko yake. Hagombani na mtu, hapokei mgeni ndani, na juu ya yote hatoi moto nyumbani kwake. Moto ukitoka, bahati ya mizinga imetoka nao. Jirani alikuja analia, mtoto wake ana homa ya kutetemeka, moto wake umezimika, akaomba kaa moja tu.

"Nikampa," Veneranda alisema. "Ningemnyima vipi, baba? Mtoto alikuwa anagonga meno."

Kule porini nyegere akaivunja mizinga ya Ngollo, mmoja baada ya mwingine. Ngollo akarudi mikono mitupu, akauliza, akaambiwa.

"Nilikuwa na mimba ya miezi minne," alisema. "Sina tena."

Apolinaria akajifunika uso kwa upande wa kanga. Dionis akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe wa maskini hazai," na hakuimalizia methali yenyewe, kwa sababu hapakuwa na haja.

"Baba, sirudi."

"Mwanangu, usiporudi, mahari inarudi. Ng'ombe wanane. Na mtoto huna, kwa hiyo hata mmoja hawatatupunguzia."

"Nitawalipa mimi," Tobias alisema.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliondoa cheti ukutani, akakifuta vumbi kwa kiwiko, na pale pale akaamini alichokisema. Wengine watatu nao wakaamini. Usiwacheke. Ukimtazama mtu akifanya jambo la kweli kwa bidii ya kweli, utaaminije kwamba halina malipo?

*

Tumaini la kwanza lilikuwa Popatlal, mwenye duka la jumla mjini Tabora, aliyenunua nta ya Dionis kwa miaka mingi. Kila mara alipopima nta alikuwa akiuliza, "Kijana anasoma? Akijua hesabu vizuri, aje kwangu." Dionis aliyatunza maneno hayo. Jumatatu alivaa koti, Tobias akavaa viatu, wakaenda.

Walimkuta Popatlal kwenye kiti chake karibu na mlango. Nyuma yake, juu ya godoro dogo lililotandikwa shuka jeupe, mkewe Maniben alikuwa ameketi na kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa chekundu, akiandika haraka bila kuinua macho. Rafuni vilipangwa vikombe vyenye picha ya Malkia mpya, vilivyobaki tangu siku ya kutawazwa.

"Karibu, mzee Dionis. Nta iko wapi?"

"Leo sikuleta nta, bwana. Nimeleta kijana. Cheti ndicho hiki."

Popatlal alikisoma chote, mpaka sahihi ya chini. Alikuwa mtu wa heshima, na ilionekana wazi kwamba anatafuta namna ya kusema.

"Hii kubwa sana," alisema. "Kijana amefanya kazi. Lakini mimi nilisema aje kwa mizani, mzee. Kupima, kuandika ratili. Kwa hesabu ya duka, hapana."

"Kwa nini, bwana?" Tobias aliuliza. "Naweza kukuonyesha. Daftari la siku, leja, mizania ya mwisho wa mwaka..."

"Njoo, tazama."

Akamsogeza mpaka penye godoro. Maniben aliinua mkono kidogo ili kijana aone. Ukurasa ulijaa maandishi ya mviringo, yametiririka kutoka pembe mpaka pembe. Tobias hakuweza kusoma hata tarakimu.

"Kigujarati," Popatlal alisema. "Baba yangu aliandika hivi, baba yake aliandika hivi. Mwaka mpya wetu tunafungua kitabu kipya, tunakipaka rangi nyekundu, tunakiombea kama nyie mnavyoombea watoto. Ndani iko duka, iko harusi ya binti, iko ugomvi wangu na ndugu yangu. Nikikupa hiki, nimekupa chumba changu cha kulala. Hakuna Mhindi Tabora atakupa. Usipoteze soli ya kiatu."

Dionis alikuwa bado ameshika kofia mkononi. Miaka yote ile, tangu Tobias akiwa shule, hakuna aliyefikiri kuuliza vitabu vya Popatlal vimeandikwa kwa lugha gani. Waliona mtu ana duka, ana hesabu, na anamsifu kijana. Nani angeuliza?

Maniben alisema kitu kwa lugha yao. Popatlal akachota sukari kwenye gunia, akaifunga kwenye karatasi, akampa Dionis. "Ya mama watoto," alisema. Kisha akamgeukia Tobias. "Iko kampuni ya tumbaku, wamefungua ofisi karibu na stesheni. Wazungu wale. Vitabu vyao Kiingereza. Jaribu."

Njiani Dionis aliubeba ule mfuko wa sukari mbali na mwili wake kidogo, kana kwamba una maji. Angeweza kuukataa. Lakini nyumbani sukari ilikuwa imekwisha.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma, na Tobias alielekezwa wa nyuma. Kwenye ubao palikuwa na tangazo: anatakiwa mtunza hesabu mwenye cheti. Alilisoma mara tatu ili ahakikishe neno cheti lipo.

Mzungu aliyempokea alimpa ukurasa wa hesabu iliyokataa kulingana, akatoka kwenda kunywa chai. Aliporudi, ilikuwa imelingana, na kosa lilipigiwa mstari. Akaitazama kwa furaha ya kweli.

"Vizuri. Vizuri kabisa. Jina lako nani?"

"Tobias Dionis, bwana."

"Tobias, nina kazi yako. Karani wa mizani, Usoke. Unaandika uzito wa robota za tumbaku, unaleta jumla hapa kila Jumamosi. Shilingi hamsini na tano kwa mwezi."

Tobias alingoja asikie lililobaki. Hapakuwa na lililobaki.

"Bwana, nimekuja kwa ajili ya tangazo. Mtunza hesabu."

"Ah. Hapana, huyo anakuja kutoka Nairobi. Tumeshamwandikia." Mzungu alijikuna kidevu. "Tangazo ni utaratibu tu. Kwa Waafrika cheo hicho hakipo bado. Wala si mimi niliyepanga."

"Cheti changu ni cha Uingereza, bwana."

"Naona. Kitunze. Kitakusaidia baadaye."

"Baadaye lini, bwana?"

Hakuwa akijibizana. Alitaka tarehe, kwa sababu pale Kwihara palikuwa na mtu anayehitaji tarehe. Mzungu alitazama dirishani kama mtu aliyeulizwa saa naye hana saa, kisha akasema treni ya Usoke inaondoka saa nane mchana, na kwamba nafasi ya mizani ina watu wengi wanaoitaka.

Tobias aliikubali. Stesheni alimwona jirani anayerudi Kwihara, akakimbilia dirisha la behewa kumwita. "Mwambie baba nimepata kazi! Kampuni ya Wazungu, upande wa hesabu. Naondoka sasa hivi." Kila neno lilikuwa la kweli. Mshahara hakuutaja. Alijiambia kwamba jambo kama hilo mtu halipazii sauti stesheni.

Laiti angelipaza sauti. Jirani alifikisha habari na kuiongezea chumvi kidogo, kama inavyostahili habari njema. Apolinaria alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwenye mabua. Kesho yake akaloweka mtama wa pombe ya shukrani. Dionis akaenda mwenyewe kwa padri, akamwambia ng'ombe watarudi kabla ya Krismasi na dhambi yake itakwisha. Kijiji kizima kilikunywa kwa ajili ya akauntanti wao, mtunza hesabu wa Wazungu. Wapo waliokunywa wakapanda lori la asali, wakaenda kusimulia Ipole.

*

Kesi ilisikilizwa mwishoni mwa Oktoba mbele ya mzee Elieza, mwanangwa, mkuu wa kijiji, kwenye banda la baraza. Tobias aliomba ruhusa ya siku moja, akafika na vumbi la reli. Hakupata nafasi ya kusema na baba yake faraghani. Dionis alimshika mkono, akampitisha katikati ya watu mpaka mbele.

Ngollo alikuwa mtu mnene wa mikono, mtulivu. Aliyemsemea ni mjomba wake, Lugembe.

"Mwanangwa," Lugembe alisema, "sisi si watu wabaya. Tulikuwa tumekubaliana: binti hataki, basi. Watupe ng'ombe wanne sasa, wanne mwakani. Tungesubiri, maana tunajua Dionis hana kitu. Lakini tumesikia. Pombe tumeisikia, vigelegele tumevisikia. Nyumba yenye mtu anayekaa na fedha za Wazungu haiombi subira. Tunataka ng'ombe wetu wanane na ndama ambao wangezaliwa, wote, kabla ya mvua kuanza."

Watu wakanong'ona. Elieza akageuka. "Dionis, unasemaje?"

"Mwanangu atasema," Dionis alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake alisema kwa sauti ya kanisani, sauti ya mtu wa benchi la mbele. "Simama, Tobias. Waambie."

Tobias akasimama. Angesema ndiyo, wangetaka wote sasa hivi, na hakuwa na hata mkia wa ng'ombe. Angesema hapana, subira waliyokuwa wakiitegemea ilikuwa tayari imekufa. Alimtazama Veneranda aliyekaa kwenye mkeka na wanawake, mgongo umenyooka, anamngoja.

"Mimi si akauntanti," alisema. "Napima robota za tumbaku. Napata shilingi hamsini na tano kwa mwezi."

Kisha mtu wa nyuma akacheka, mwingine akamfuata.

"Ngapi?" Lugembe aliuliza, bila ubaya, kama asiyesikia vizuri.

"Hamsini na tano."

"Mpwa wangu akiuza asali ya msimu mmoja anapata zaidi, na hajui kuandika jina lake. Ng'ombe wetu wanane ndio waliowanunulia hayo?"

Sasa walicheka hata waliokunywa ile pombe. Dionis hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa akimtazama Tobias kama anayesubiri amalizie, kama Tobias alivyomsubiri Mzungu.

"Ng'ombe mmoja ni shilingi mia na zaidi," Elieza alisema kwa huzuni. "Kijana, nikikupa mpaka mvua..."

"Inatosha," Veneranda alisema.

Alikuwa amekwisha simama. Alijifunga kanga, akalifuata sanduku lake la bati, nalo lilikuwa pale pembeni. Alilileta asubuhi bila kumwambia mtu. Labda yeye peke yake hakuamini vigelegele.

"Msimcheke kaka yangu tena. Narudi. Ninaomba neno moja tu mbele ya watu: Ngollo aseme hatanipiga."

Watu wote wakamgeukia Ngollo. Alifikiri sana.

"Asitoe moto," alisema. "Asipotoa moto, sitampiga."

Elieza akaandika kwamba wamepatana.

*

Tobias alikaa Usoke karibu miaka mitatu. Alilala stoo ya robota ili asilipe kodi, alikula mhogo na karanga, viatu vilipokwisha akavaa vya matairi. Kila alipofikisha bei alinunua ng'ombe mmoja akampeleka kwa baba yake. Mtunza hesabu kutoka Nairobi alikuja, akawa mtu mwema, akamwazima magazeti. Vijana wa shule walimjia wakati mwingine na fomu zilezile za posta, wakauliza kama kazi ya vitabu vya hesabu ina maisha. Hakuwavunja moyo, maana aliipenda kazi yenyewe. Mpaka leo nasikia aliwaambia, "Someni. Ipo siku watatuhitaji. Ila msisomee ng'ombe wa dada zenu."

Kiangazi cha tatu wakatimia wanane. Baba na mwana wakawaswaga mpaka Ipole, wakalala njiani kwa watu. Siku nzima ya mwisho Dionis alitembea mbele, akihesabu na kuhesabu upya kana kwamba mmoja angepungua. Padri alikuwa amemwahidi kwamba Krismasi atakomunika tena.

Waliingia jua likiwa limeegemea miti. Veneranda aliwaona kwa mbali, akatoka mpaka kwenye ua wa nje, akapiga magoti. Mtoto mmoja alimshika kanga, mwingine alikuwa mgongoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwanangu. Tumewaleta. Wote. Funga mzigo wako."

Aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja. Aliona, bila shaka, yale matairi miguuni mwa kaka yake.

"Ni wazuri," alisema. "Baba, hawa watoto ni wa ukoo wa hapa. Mahari ikirudi, mimi narudi, wao wanabaki. Sheria mnaijua."

Dionis aliijua sheria. Miaka mitatu alihesabu ng'ombe, wala siku moja hakuhesabu watoto.

"Basi tumngoje Ngollo," Tobias alisema. "Tuzungumze naye. Labda mdogo, anayenyonya..."

"Yuko porini. Wameanza kurina." Alisema hayo akiwa bado amepiga magoti, naye hakuwakaribisha ndani, ndipo wakaelewa kwa nini alitoka kuwapokea nje. "Rudini nao, kaka. Mmoja uza, ununue viatu."

Baridi ya jioni ilianza kupanda kutoka bondeni, na Dionis, ambaye kifua chake hakikuwa kizuri tena, alikohoa. Tobias alisema watalala pale kando ya njia na ng'ombe wao, waondoke alfajiri.

"Utupe kaa la moto tu, mdogo wangu. Tuwashe, mzee aote."

Veneranda aligeuka akatazama moshi uliokuwa ukitoka jikoni kwake. Kisha akamtazama mtoto aliyemshika kanga. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Ombeni kwa jirani, kaka," alisema. "Nyumba ile pale. Waambieni ni baba yangu, watawapa."